Kumbukumbu za mauaji ya kimbari ya Burundi (1972)

Kumbukumbu za mauaji ya kimbari ya Burundi ya mwaka 1972 ni nyaraka, picha, vitu, mabaki ya miili na masimulizi yanayothibitisha mauaji ya Wahutu yaliyofanywa na serikali ya rais Michel Micombero kuanzia mwisho wa Aprili 1972. Warundi huyaita mauaji hayo Ikiza, neno la Kirundi lenye maana ya janga au balaa kubwa. Makadirio ya idadi ya waliouawa ni kati ya watu 100,000 na 300,000.

Kumbukumbu hizo hazijawahi kukusanywa mahali pamoja. Sehemu iko Marekani na Ubelgiji katika mafaili ya wanadiplomasia, sehemu iko ardhini nchini Burundi, na sehemu kubwa imo vichwani mwa wazee waliokimbilia Tanzania, hasa mkoa wa Kigoma na makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa ndani zaidi ya nchi.

Mwambao wa Kagunga

Kagunga ni kijiji cha Tanzania katika wilaya ya Kigoma Vijijini, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, karibu kabisa na mpaka wa Burundi. Kiko kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Nyuma yake kuna milima yenye miteremko mikali, kwa hiyo njia ya kawaida ya kufika au kuondoka ni ziwani, kwa boti au mtumbwi. Anayeshuka na mwambao kutoka Nyanza-Lac, mji wa kusini kabisa mwa Burundi kwenye ziwa hilo, akivuka mpaka huingia sehemu hii.

Jiografia hiyo ndiyo iliyoifanya Kagunga kuwa mlango. Wenyeji wengi wa mkoa wa Kigoma ni Waha, na Kiha na Kirundi ni lugha zinazokaribiana kiasi kwamba wasemaji wake huelewana bila mkalimani. Uvuvi wa dagaa na biashara ya mawese viliwaunganisha watu wa pande zote mbili tangu zamani. Mtu aliyekimbia mwaka 1972 hakuingia ugenini kabisa. Jambo hilo lilimwokoa, lakini pia ni sababu mojawapo ya habari zake kutoandikwa: aliyeweza kupita kama mwenyeji hakuwa na haja ya kujieleza kwa karani.

Matukio ya 1972

Tarehe 29 Aprili 1972 waasi Wahutu walishambulia maeneo ya kusini mwa Burundi, yakiwemo Rumonge na Nyanza-Lac kwenye mwambao wa ziwa. Waliwaua Watutsi wengi, wakiwemo viongozi wa serikali na familia zao. Siku hiyohiyo mfalme wa zamani, Ntare V, aliyekuwa kizuizini, aliuawa mjini Gitega.

Serikali ilijibu kwa jeshi pamoja na vijana wa chama tawala cha UPRONA, waliojulikana kama JRR. Uasi wenyewe ulizimwa haraka, lakini mauaji yaliendelea kwa miezi kadhaa na kuenea hadi mikoa ambayo haikuwa na uasi wowote. Waliolengwa kwanza ni Wahutu waliosoma au waliokuwa na kazi: walimu, wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu, wauguzi, makarani, wachungaji na mapadre, wafanyabiashara, askari. Wengi waliitwa kwa majina kutoka kwenye orodha, wakapakiwa kwenye malori na hawakurudi. Mali zao zilichukuliwa. Jamaa zao hawakuruhusiwa kufanya matanga, na watoto wao waliendelea kuitwa abamenja, yaani wasaliti, kwa miaka mingi.

Kwa kuwa kusoma ndiko kulikomtia mtu hatiani, hata daftari la mahudhurio la shule au orodha ya mishahara ya walimu ya miaka ile ni ushahidi. Jina lililopo mwezi wa Machi na lisilokuwepo mwezi wa Juni linaeleza jambo.

Kwa nini karatasi ni chache

Wanaojifunza habari za mauaji ya kimbari mara nyingi huanza na Maangamizi ya Wayahudi wa Ulaya, yaani Holokosti, kwa sababu hakuna uhalifu wa aina hiyo wenye kumbukumbu nyingi kuliko huo. Taasisi iliyoko Bad Arolsen nchini Ujerumani peke yake ina nyaraka milioni 30 hivi zinazohusu watu milioni 17.5. Mjini Nuremberg, tarehe 29 Novemba 1945, mahakama ilioneshwa filamu iliyopigwa na majeshi ya washirika wakati wa kukomboa kambi za mateso.

Wingi huo una sababu. Ujerumani ilishindwa vitani, na washindi wakateka ofisi pamoja na makabati yake. Amri, ratiba za treni na orodha za wafungwa ziliingia mikononi mwa watu waliotaka kuzitumia mahakamani. Na pale ambapo wauaji hawakuandika, waathirika waliandika wenyewe. Katika geto la Warszawa mwanahistoria Emanuel Ringelblum na wenzake walikusanya kwa siri shajara, matangazo, kadi za chakula na barua, wakazifukia ndani ya masanduku ya bati na madumu ya maziwa. Sehemu moja ilifukuliwa mwaka 1946 na nyingine mwaka 1950. Sehemu ya tatu haijaonekana hadi leo. Ringelblum mwenyewe aliuawa mwaka 1944.

Burundi mambo yalikuwa kinyume. Serikali iliyoua haikushindwa. Micombero alitawala hadi Novemba 1976 alipopinduliwa na Jean-Baptiste Bagaza, naye Bagaza alipinduliwa na Pierre Buyoya mwaka 1987. Wote watatu walikuwa maofisa wa jeshi lilelile na wenyeji wa mkoa uleule wa Bururi. Kwa miaka 21, hadi uchaguzi wa 1993, hakuna aliyefungua makabati kwa nia ya kutafuta ushahidi, na kulitaja jambo lenyewe hadharani kulikuwa hatari. Hapakuwa na Nuremberg ya Burundi, na bila mahakama hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuziomba karatasi, kuzipa namba na kuzitunza.

Hakuna pia mkusanyiko wa filamu wa kulinganishwa na ule wa 1945. Mauaji yalifanyika zaidi usiku, kambini na magerezani, katika nchi ambayo vyombo vya habari vya dunia viliitazama kidogo sana.

Simu za balozi na vitabu vya kwanza

Kwa hiyo maandishi mengi yaliyoandikwa wakati mauaji yanaendelea ni ya wageni. Ubalozi wa Marekani mjini Bujumbura ulipeleka Washington simu za maandishi karibu kila siku. Balozi alikuwa Thomas Patrick Melady, aliyeondoka nchini mwezi wa Mei, na baada yake shughuli ziliongozwa na Michael Hoyt. Hoyt alihifadhi mkusanyiko wa simu hizo, na sasa uko katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Florida. Nyingine zimechapishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani katika mfululizo wake wa nyaraka za kidiplomasia. Anayezisoma anaona wazi kwamba Washington ilijua, na ilijua mapema.

Ubelgiji nayo ilijua. Mwezi wa Mei 1972 waziri mkuu Gaston Eyskens aliliambia baraza lake la mawaziri kwamba Burundi kuna mauaji ya kimbari ya kweli. Mwezi huohuo Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Diallo Telli, alizuru Bujumbura na kutangaza mshikamano na rais Micombero. Kauli hizo mbili zikiwekwa pamoja zinaonesha kwamba tatizo la 1972 halikuwa ukosefu wa taarifa.

Mwaka 1973 taasisi ya Carnegie ya Marekani ilitoa ripoti iliyoikosoa serikali ya nchi hiyo kwa kunyamaza. Mwaka 1974 yalifuata maandishi mawili: kitabu cha Melady mwenyewe, na ripoti ya René Lemarchand na mwandishi wa habari David Martin, iliyotolewa London na shirika la kutetea haki za makundi ya wachache. Ripoti hiyo ya pili ndiyo iliyoeneza maelezo kwamba mauaji yalikuwa ya kuchagua, yaani yaliwalenga wenye elimu ili kundi zima libaki bila viongozi. Mwaka 1985 ripoti ya Benjamin Whitaker kwa Umoja wa Mataifa iliyataja mauaji ya Wahutu nchini Burundi miongoni mwa mauaji ya kimbari ya karne ya 20. Mwaka 2007 mwanahistoria Mfaransa Jean-Pierre Chrétien na mwandishi wa habari Jean-François Dupaquier walichapisha uchunguzi mrefu unaochambua pia uasi wa Aprili na Watutsi waliouawa.

Vitabu hivyo vyote viliandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa. Mzee wa Kigoma au Katumba aliyeyaona mambo kwa macho yake hakuweza kuvisoma, wala kuvisahihisha.

Masimulizi: makazini na mjini

Watu wapatao 150,000 walikimbilia Tanzania. Waliovuka mpaka hawakuwa salama mara moja. Mwaka 1973 jeshi la Burundi lilishambulia vijiji vya mpakani mkoani Kigoma, na raia wa Tanzania waliuawa. Serikali ya Tanzania iliwahamishia wakimbizi wengi mbali na mpaka, kwenye makazi matatu makubwa: Ulyankulu mkoani Tabora (1972), Katumba (1973) na Mishamo (1978), haya mawili sasa yakiwa katika mkoa wa Katavi. Makazi yaliendeshwa kwa ushirikiano wa serikali, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) na TCRS, shirika la Kilutheri la huduma kwa wakimbizi. Wakimbizi walipewa mashamba, na baada ya miaka michache walikuwa wakijilisha na kuuza ziada.

Si wote waliokwenda. Wengine walibaki kandokando ya ziwa, mjini Kigoma na Ujiji, bila kuandikishwa popote.

Tofauti kati ya makundi hayo mawili ilichunguzwa na mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyeishi Mishamo na mjini Kigoma mwaka 1985 na 1986. Kitabu chake kilitoka Chicago mwaka 1995. Aliona kwamba Mishamo watu walisimulia historia ya Burundi kwa pamoja, tena na tena, karibu kwa maneno yaleyale: ufalme, ukoloni, hila, kisha mwaka 1972 na namna watu walivyouawa. Ilikuwa kama somo ambalo kila mtu mzima aliweza kulifundisha. Mjini Kigoma mambo yalikuwa tofauti. Waliokaa mjini walikuwa wameoa na kuolewa na wenyeji, wamejichanganya katika biashara na dini, na hawakupenda kujiita wakimbizi. Kila mmoja alikuwa na habari yake, na mara nyingi aliinyamazia.

Mwanahistoria anapaswa kuwa mwangalifu na aina zote mbili. Simulizi la makazini limehifadhiwa vizuri kwa sababu limerudiwa, lakini kurudiwa hulainisha mambo: kilichompata jirani huingia katika kilichompata msimulizi, na adui huwa wa sura moja tu. Lilitumika pia katika siasa. Chama cha PALIPEHUTU, kilichokuja kuchukua silaha, kilianzishwa Mishamo mwaka 1980 na Rémy Gahutu. Kimya cha mjini hakina kasoro hiyo. Kasoro yake ni kwamba msimulizi akifariki hakuna anayebaki na habari. Mtu aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1972 alitimiza miaka 70 mwaka 2022, na waliokuwa walimu na wazazi wakati ule wengi wao hawapo tena.

Makaburi na vitu

Mkataba wa amani wa Burundi uliotiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000 ulitaka iundwe tume ya ukweli na maridhiano. Sheria yake ilipitishwa mwaka 2014. Mwaka 2018 muda wa uchunguzi ulirudishwa nyuma hadi mwaka 1885, ili uhusishe na ukoloni. Kazi iliyojulikana zaidi ni ya kufukua makaburi ya halaiki. Mwezi wa Februari 2020 mwenyekiti wa tume, Pierre-Claver Ndayicariye, alitangaza kwamba mabaki ya watu zaidi ya 6,000 yametolewa katika makaburi sita mkoani Karuzi, karibu na mto Ruvubu. Wakati huo tume ilikuwa imekwisha kuorodhesha makaburi ya halaiki zaidi ya 4,000 nchi nzima, ya vipindi mbalimbali.

Pamoja na mifupa zilitoka risasi, nguo, miwani na rozari. Vitu hivyo vina uzito kuliko inavyoonekana. Katika Burundi ya 1972 miwani haikuwa kitu cha kila mtu. Aliyekuwa nayo mara nyingi alikuwa mwalimu, karani, padre au mwanafunzi, yaani hasa wale ambao ripoti ya 1974 ilisema ndio waliotafutwa. Kaburi linasema jambo lilelile lililoandikwa kwenye simu za ubalozi, bila kuzisoma. Baadhi ya familia ziliweza kuwatambua watu wao kwa vitu kama hivyo.

Tarehe 20 Desemba 2021 tume ilitangaza rasmi kwamba yaliyotendwa mwaka 1972 yalikuwa mauaji ya kimbari dhidi ya Wahutu.

Kazi ya tume haikupokelewa na wote kwa namna moja. Wakosoaji wamesema inaweka mkazo kwenye mwaka ambao waathirika wengi walikuwa Wahutu, wakati chama kinachotawala kilizaliwa na uasi wa Wahutu, na kwamba Watutsi waliouawa Rumonge na Nyanza-Lac mwanzoni mwa 1972, na wale waliouawa baada ya rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993, wanapewa nafasi ndogo. Hao wa 1993 wana mnara wa kumbukumbu Kibimba, mahali ambapo wanafunzi Watutsi walichomwa moto. Wengine wamelalamikia namna makaburi yalivyofukuliwa, kwa sababu mfupa ukitolewa haraka bila wataalamu wa kutosha huacha ardhini habari ambayo haipatikani tena. Hoja hii ya pili ni ya kitaalamu, na haitegemei mtu yuko upande gani.

Kagunga mwaka 2015

Mwezi wa Aprili 2015 rais Pierre Nkurunziza alitangazwa kuwa mgombea kwa kipindi cha tatu. Maandamano yalizuka Bujumbura, na watu wakaanza kukimbia hata kabla ya mauaji makubwa kutokea. Wazee waliokumbuka 1972 na 1993 hawakungoja kuona. Katikati ya Mei makumi ya maelfu ya Warundi walikuwa wamejazana ufukoni Kagunga, wakilala mchangani, wakinywa maji ya ziwa. Kipindupindu kililipuka. Hadi wiki ya tatu ya mwezi huo UNHCR ilikuwa imetaja wagonjwa wapatao 3,000 na vifo 31, vya wakimbizi na vya wenyeji.

Kwa kuwa hapakuwa na barabara, njia ilikuwa ziwa. Meli ya MV Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 na kuanza kazi upya chini ya Waingereza mwaka 1927, iliwasafirisha hadi Kigoma kwa mafungu ya mamia. Ilisimama mbali kidogo na ufuko, na watu walipelekwa kwake kwa boti za wavuvi. Mjini walipokelewa kwenye uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, kisha wakapelekwa kwa mabasi kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu.

Tukio hili, tofauti na lile la 1972, lilipigwa picha nyingi: ufuko uliofunikwa na watu, boti zilizojaa, Liemba ikingoja. Kila aliyefika kambini aliandikishwa jina, umri na mahali alipotoka. Kwa mtafiti wa baadaye wiki chache za Mei 2015 zitakuwa na ushahidi mwingi kuliko miezi yote ya 1972 kwenye mwambao huohuo. Hilo lisimpoteze akadhani kwamba msiba wa pili ulikuwa mkubwa kuliko wa kwanza.

Nyaraka zilizoko Tanzania

Tanzania yenyewe ina hazina mbili za aina tofauti.

Ya kwanza iko Arusha. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda iliundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mwezi wa Novemba 1994 na kufungwa mwisho wa 2015. Ilifungua mashtaka dhidi ya watu 93, na hukumu yake dhidi ya Jean-Paul Akayesu, tarehe 2 Septemba 1998, ndiyo ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari. Nyaraka zake, pamoja na mikanda ya ushahidi, sauti za matangazo ya redio RTLM na picha za video, zinatunzwa na taasisi iliyorithi kazi zake, katika majengo ya Lakilaki yaliyofunguliwa Novemba 2016. Mashahidi walisema kwa Kinyarwanda, maneno yao yakatafsiriwa, yakaandikwa na kuwekewa namba. Mamlaka ya mahakama hiyo yaliishia mwaka 1994 na mambo ya Rwanda, kwa hiyo mauaji ya Burundi hayamo.

Ya pili imetawanyika: barua za wakuu wa wilaya na mikoa za 1972 na 1973, taarifa za polisi wa mpakani, majalada ya Wizara ya Mambo ya Ndani, ripoti za makazi za TCRS na UNHCR. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 nyaraka za serikali hufunguliwa kwa wasomaji baada ya miaka 30, isipokuwa zile zilizozuiwa kwa sababu maalumu. Kwa hesabu hiyo karatasi za 1972 zilifikia umri wake zamani. Kuna pia majalada ya uraia. Kuanzia 2007 Tanzania iliwapa wakimbizi wa 1972 waliokuwa katika makazi yale matatu nafasi ya kuchagua kurudi au kuomba uraia, na watu wapatao 162,000 walikubaliwa, ingawa vyeti vingi vilitolewa mwaka 2014 tu. Waliokwisha kujichanganya katika vijiji vya mwambao wa Kigoma hawakuhusika na zoezi hilo la makazini.